Kabla ya Kupanda Mti Nyumbani, Yaulize Maji

Kila mvua inapokaribia, vikundi hutuuliza swali lile lile: "Tupande mti gani?" Watu wanataka tuwatajie jina moja, waende kwenye kitalu, wanunue miche, wachimbe mashimo, kazi iishe. Zamani nasi tulikuwa tunajibu hivyo hivyo. Tulitaja mti unaokua upesi, watu wakashukuru, tukaenda zetu.

Siku hizi hatujibu hivyo. Sisi nasi tunauliza: "Maji ya boma lako yako wapi?" Wengine hucheka, wakidhani tunataka kunywa. Lakini swali hili ndilo la kwanza. Mti mmoja ukiupanda penye maji unanawiri, mwingine pale pale unaoza mizizi. Tena kuna mti ambao ukiupanda penye maji utanawiri sana, lakini maji yenyewe yatapungua na majirani watakosana. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua sehemu yenye maji katika boma lako, mti wa kupanda hapo, na mti wa kupeleka kwingine.

KISA CHA CHEMCHEMI MOJA

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Tulialikwa na kikundi kimoja cha kujisaidia katika kijiji cha milimani. Chini ya mlima pana chemchemi ambayo kina mama wamechota tangu enzi za nyanya zao. Zamani mtungi wa lita 20 ulijaa kabla mtu hajamaliza kuwasalimu wenzake. Tulipofika sisi, mama aliweka mtungi, akaketi, akatoa kitambaa chake cha kushona, na bado alingoja. Foleni ilianza alfajiri. Wasichana walikuwa wakichelewa shuleni kwa sababu ya maji.

Juu tu ya chemchemi kulikuwa na mistari mitatu ya mikaratusi, ule mti ambao wengi wetu tunauita blugamu. Ilikuwa mirefu, imenyooka, inapendeza. Mwenyewe ni mama mmoja mjane anayelea wajukuu. Kikundi kilikuwa kimegawanyika. Vijana walitaka miti ikatwe siku hiyo hiyo, na wengine walikuwa wamekuja na mapanga. Wazee walinyamaza. Yule mama alisimama akasema, "Wanangu, mkinikatia miti hii, hawa watoto nitawasomesha na nini?"

Hapo hapakuwa na mtu mbaya. Mama alipanda miti kwa nia njema. Tena alikuwa ameshauriwa apande, kwa sababu ardhi ile ilikuwa na majimaji na mahindi hayakustawi. Kina mama wenye mitungi nao walikuwa na haki. Kosa lilikuwa moja tu: siku miche ilipopandwa, hakuna aliyeuliza habari za maji.

Tutarudi kwa mama huyu. Kwanza tuelewe jambo lenyewe.

MTI NA MAJI

Kila mti hunywa maji. Hata mti wa kienyeji hunywa. Mizizi huvuta maji ardhini, nayo majani huyatoa hewani kama mvuke. Mti unaokua upesi, wenye majani mabichi mwaka mzima, uliopandwa kwa kusongamana, hunywa zaidi. Ndiyo sababu mkaratusi hulaumiwa. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za garimoshi la reli ya Uganda, na ulichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo ya kukua haraka. Ni mti wa faida. Unatupa nguzo za kujengea, nguzo za stima, mbao na kuni. Ukipandwa mlimani, mbali na maji, hauna neno. Lakini ukipandwa kwenye mdomo wa chemchemi au ukingoni mwa kijito, unakunywa katika kikombe cha kila mtu.

Jambo hili lilifika hadi serikalini. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji na kando ya mito ing'olewe. Wengine walitii, wengine hawakutii, na wengine walikata kisha miti ikachipuka tena kwa sababu hawakujua la kufanya na visiki.

Lakini tusidhani kwamba dawa ni kuacha mahali pa maji pakiwa patupu. Ukingo usio na miti hubomoka, udongo huingia mtoni, na jua hukausha matope. Mti unaofaa hushika udongo kwa mizizi yake, huweka kivuli juu ya maji, na majani yake yanayoanguka hulainisha ardhi ili mvua izame badala ya kukimbia mteremkoni.

Wengi wetu tunamkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 alisimulia juu ya mugumo mkubwa uliokuwa karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa uliheshimiwa kama mti wa Mungu. Karibu na mti palikuwa na kijito alichochota maji akiwa mtoto. Baadaye shamba lilipata mwenyewe mpya, mugumo ukakatwa ili chai ipandwe, na kijito kikakauka. Profesa alieleza kwamba mizizi mirefu ya miti ile hupenya hadi kwenye maji ya chini, na maji hupata njia ya kupanda juu. Kumbe lile katazo la wazee lilikuwa likilinda kisima cha wote.

JE, TULETE MTI KUTOKA NG'AMBO?

Hapa tujibu swali la mama mmoja wa kikundi. Binti yake anaishi Marekani, naye aliona huko mti mzuri unaopandwa mbele ya nyumba, mahali penye unyevu. Magome yake hubambuka kama karatasi, rangi ya kahawia na ya maziwa. Mama aliuliza kama anaweza kuletewa mbegu zake apande karibu na kijito.

Mti huo ni wa jamii ya betula, na kwao ni kando ya mito ya mashariki ya Marekani. Unavumilia mafuriko na udongo wa majimaji. Watu wa huko waliutazama ukiwa mtoni kwao, wakaona unaweza kukaa penye maji bila kuoza, wakauleta nyumbani. Basi tulimjibu mama hivi: wazo lichukue, mbegu ziache. Mti ule umezoea nchi yenye majira ya baridi, na hupukutisha majani yote kila mwaka. Tena mbegu za kigeni haziingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, kwa sababu zinaweza kubeba magonjwa na wadudu.

Sisi pia tuna mito. Nenda mtoni kwenu, mahali ambapo jembe halijafika, utazame ni miti gani imesimama na miguu yake ndani ya maji. Hiyo ndiyo miti ya kuleta nyumbani.

PIMA MAJI KWANZA

Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Fanyeni hivi:

1. Mvua kubwa ikiisha, tembea boma lote. Angalia maji yanapotoka, yanapopita na yanapotuama. Weka vijiti.

2. Siku ya tatu bila mvua, chimba shimo la futi mbili penye kila kijiti. Jaza maji jioni. Asubuhi tazama. Ikiwa maji bado yapo, hapo ni mahali pa majimaji. Ikiwa yameisha, ardhi inapitisha maji. Ukiacha shimo wazi usiku, lifunike, usije ukavunja mguu wa mtoto au wa ng'ombe.

3. Chora boma lako kwenye karatasi, hata kama hujui kuchora. Onyesha nyumba, choo, tangi, kisima, njia ya maji, na mpaka na jirani.

Ukimaliza utaona kwamba boma lina sehemu tatu: penye maji siku zote, panapopita maji wakati wa mvua tu, na palipo juu pakavu. Kila sehemu ina mti wake.

SEHEMU YA KWANZA: PENYE MAJI SIKU ZOTE

Hapa ni kando ya mto, kijito, chemchemi na bwawa. Miti miwili inafaa sana, na sehemu nyingi zinayo.

Mzambarau wa mtoni. Huyu ni ndugu wa mzambarau ule wa matunda unaojulikana pwani, lakini yeye huota mwenyewe kando ya mito. Kila kabila lina jina lake, kwa hivyo waulizeni wazee. Matunda yake ni madogo, ya zambarau iliyokoza, na watoto huyapenda. Maua yake meupe huleta nyuki, kwa hivyo mwenye mizinga anafaidika. Mti huu unaweza kusimama penye matope bila kuoza.

Siri yake iko kwenye mbegu. Mbegu za mzambarau hazikubali kukauka. Ukizianika juani kama mahindi, umeziua. Okota matunda yaliyoiva, kamua nyama, osha mbegu, na uzipande siku hiyo hiyo au kesho yake kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli. Tumia mikebe ya zamani au pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini. Mwagilia kila siku. Mche ukifika kimo cha futi moja, anza kuupunguzia kivuli kidogo kidogo ili uzoee jua, kisha uhamishe mvua ikianza. Hukua polepole, tusidanganyane. Lakini ukishashika, umeshika.

Mkuyu na mugumo. Hawa ni wa jamii moja. Wajaluo humwita mkuyu ng'owo, na Wakikuyu humwita mukuyu. Huna haja ya mbegu. Kata tawi lililonyooka, nene kama mkono wa mtu, lenye urefu wa mita 2 hivi ili mbuzi wasifikie machipukizi. Chini likate kwa mshazari, juu likate sawa. Liweke kivulini siku chache utomvu ukauke. Mvua ikianza, lichimbie nusu mita na ushindilie udongo kabisa, maana tawi linalotikiswa na upepo halitoi mizizi.

Angalizo: mkuyu na mugumo ni miti mikubwa yenye mizizi ya nguvu. Usiipande karibu na nyumba, choo, tangi wala bomba. Iache angalau hatua 30. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunaongeza kwamba ni afadhali usiulete huo ufa mwenyewe kwa mkono wako.

Mahali penye ukingo unaobomoka, ongezeni mianzi. Hupandwa kwa kipande cha shina pamoja na mzizi wake, na mizizi yake hufuma udongo kama kikapu. Tangu mwaka 2020 serikali imeuhesabu mwanzi kuwa zao la biashara. Usiusonge mwanzi kwenye mdomo wa chemchemi, kwa sababu nao unakua haraka na unakunywa. Weka kwenye ukingo wa mto ulio chini.

Sasa, jinsi ya kupanda ukingoni. Wengi hukosea hapa. Usilime ukingo wote. Chimba shimo dogo tu la kutosha mche, na uache nyasi zote zilizobaki. Ukifungua udongo wote, mvua ya kwanza itaupeleka mtoni pamoja na miche yako. Usitie mbolea ya dukani wala dawa ya kunyunyizia hapo, maana watu wanakunywa.

Sheria nayo ina neno. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ambao haufai kulimwa wala kujengwa. Kabla ya kuanza kazi, ongeeni na chama cha watumiaji maji cha mto wenu na afisa wa misitu ili mjue kipimo cha mahali penu.

SEHEMU YA PILI: PANAPOPITA MAJI WAKATI WA MVUA

Hapa ni chini ya paa, nyuma ya bafu, penye mfereji wa barabara na kwenye bonde dogo ndani ya shamba. Ardhi hulowa, kisha hukauka.

Nyuma ya bafu weka migomba. Itatumia maji yaliyooga watu, na utavuna ndizi mahali palipokuwa na mbu. Kwenye bonde dogo weka mapera, ambayo huvumilia unyevu. Kwenye njia ya maji panda nepia kwa mstari unaokingama mteremko, upate majani ya ng'ombe na kupunguza mbio za maji.

Jihadharini na parachichi hapa. Kila mtu anataka parachichi siku hizi kwa sababu ya soko. Lakini mparachichi hauwezi kuvumilia maji yaliyotuama. Mizizi huoza, majani hugeuka manjano na kudondoka, na mtu hudhani amerogwa au ameuziwa mche mbaya. Kumbe ni maji tu. Kama shimo lako bado lilikuwa na maji asubuhi, mparachichi upeleke juu.

SEHEMU YA TATU: JUU PAKAVU

Hapa ndipo pa miti ya pesa, ya kivuli na ya kuni. Mti mmoja tunaoupendekeza sana kwa boma ni ule Wajaluo wanaouita siala, na Waluhya lusiola. Una maua ya manjano kama tarumbeta, hata ukiwa na haraka utasimama uangalie. Nguzo zake hustahimili mchwa, vijiti vyake hutegemeza ndizi, na ukikatwa huchipuka tena. Siala haupendi maji yaliyotuama, kwa hivyo usiupeleke kijitoni.

Mbegu zake ziko ndani ya maganda marefu membamba. Yachume yakigeuka kahawia lakini kabla hayajapasuka, kwa sababu mbegu zina mabawa na upepo utazichukua zote. Hazihitaji kulowekwa. Zitawanye kwenye kitalu, funika kwa udongo mwembamba sana, mwagilia taratibu.

Mwingine ni grevilea, ambayo wengi huiita mukima. Asili yake ni Australia, lakini imekaa na wakulima wetu wa kahawa na chai kwa miaka mingi, na inakubali kupandwa mpakani pamoja na mahindi. Ukipogoa matawi kila mwaka unapata kuni bila kuua mti.

Na mkaratusi? Ukiwa na shamba la mlimani mbali na maji, mbali na nyumba na mbali na mpaka wa jirani, panda. Hatukatazi. Tunasema tu kwamba mkaratusi una mahali pake.

Kwa mashimo ya huku juu, chimba futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu weka upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na mbolea ya ng'ombe iliyooza, uurudishe kwanza. Panda mvua ikiwa imeloanisha ardhi, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Zungushia miiba. Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya kikundi ya siku nzima kwa nusu saa.

TURUDI KWA YULE MAMA

Siku ile hatukukata mti wowote. Tuliomba watu waketi. Mzee mmoja alimwambia mwenyekiti kijana, "Weka panga chini kwanza, mwanangu, tuhesabu." Basi tukahesabu. Tuliuliza: mama akikata leo, nguzo zina thamani gani? Akingoja ziive, zitakuwa na thamani gani? Karo inahitajika lini? Kikundi kina nini cha kumpa?

Walipatana hivi. Mstari wa karibu na chemchemi ukatwe kwanza, nguzo ziuzwe, na pesa zote ziwe za mama. Hakuna mtu atakayedai senti. Mstari wa pili ukatwe mwaka unaofuata, na wa tatu mwaka wa tatu, kila mara kabla ya muhula wa shule kuanza. Kikundi kitamletea miche ya grevilea na siala, kitamchimbia mashimo kwenye mpaka wake wa juu, na kuipalilia misimu miwili. Naye mama aliruhusu kikundi kipande mizambarau na mikuyu kuzunguka chemchemi, na kuweka ua ili ng'ombe wasikanyage. Afisa wa misitu alielezwa kabla ya kukata na kusafirisha nguzo. Makubaliano yaliandikwa kwenye kitabu cha kikundi, mama akaweka sahihi, na mwenyekiti naye akaweka.

Yule mwenyekiti kijana alimwambia, "Mama, tulikuja na mapanga, tutarudi na majembe." Na walirudi kweli. Hilo ndilo lililotufurahisha kuliko yote.

Kuhusu visiki, tuwaelezeni, maana wengi hushindwa hapa. Mkaratusi uliokatwa haujafa. Kisiki huchipuka. Msikichimbue kama kiko ukingoni, maana mtabomoa ukingo. Bambueni gome lote la kisiki hadi chini ya udongo, kisha kifunikeni kwa lundo la udongo. Kila mwezi piteni mvunje machipukizi yote. Baada ya muda kisiki huchoka na kuoza, na mizizi iliyokufa inaendelea kushika udongo wakati miche mipya inakua. Tena pandeni miche mipya msimu ule ule mnaokata, msiache mahali wazi mwaka mzima.

Je, chemchemi imerudi? Tuseme ukweli. Haijawa kama ile ya enzi za nyanya zao. Maji hupungua kwa sababu nyingi, na juu ya mlima kuna mashamba yasiyo na matuta, ambapo mvua hukimbia badala ya kuzama. Kikundi sasa kimeanza kuwashawishi wenye mashamba hayo wachimbe matuta ya fanya juu. Lakini mtungi unajaa mapema kuliko siku ile tuliyofika. Kitambaa cha kushona kimebaki nyumbani. Na wajukuu wa yule mama wako shuleni.

KAZI YA KIKUNDI

Tunapendekeza kila kikundi kifanye mambo haya kabla ya mvua ndefu:

1. Chagueni watu wawili wa kupima chemchemi yenu. Mara moja kila mwezi, asubuhi ile ile, waweke mtungi wa lita 20 na kuhesabu dakika hadi ujae. Waandike kitabuni. Baada ya mwaka mtakuwa na ushahidi wenu wenyewe, na hamtabishana kwa maneno matupu.

2. Tembeeni mto pamoja na wazee wawili au watatu. Waulizeni majina ya miti iliyokuwako zamani. Ikiwa mmoja bado umesimama, uwekeeni ulinzi, maana huo ndio mama wa mbegu zenu.

3. Anzisheni kitalu kidogo karibu na maji, lakini chini ya chemchemi, si juu yake.

4. Kila mwanachama achore boma lake na kuleta mchoro mkutanoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Je, katika kijiji chetu kuna mti unaomfaidi mmoja na kuwaumiza wengi? Mwenyewe tumemwendea vipi, kwa panga au kwa mazungumzo?

Je, tukimwomba mtu aache pato lake kwa ajili ya maji ya wote, sisi wote tuko tayari kumpa nini?

Je, ni nani kati yetu anayepoteza saa nyingi zaidi kwenye foleni ya maji, na je, mtu huyo husikilizwa tunapoamua mambo ya shamba?

Ndugu wasomaji, mti hukaa miaka mingi kuliko hasira yetu na kuliko mkutano wetu. Mkiupanda mahali pake, watoto wenu watakula zambarau wakielekea kuchota maji, wala hawatauliza ni nani aliyepanda. Tuleteeni habari za vikundi vyenu: mlichopanda, kilichoota, na kilichokufa pia. Kilichokufa hutufundisha sana.

Tunawatakia mvua njema.